Ngao Aliyopewa na Orodha Aliyoihitaji: Uchambuzi wa Kisa cha Mratibu wa Kujitolea

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika chama cha wakutubi na watunza nyaraka. Jina la chama, mahali kilipo na majina ya wahusika yameondolewa, na mambo kadhaa madogo yamebadilishwa ili watu wasitambulike. Mhusika mkuu ninamwita Dada N., na herufi hiyo haitokani na jina lake. Ameyasoma maelezo haya na kukubali yatumike kufundishia. Viongozi wawili waliokuwa katika kamati wakati huo nao wameyapitia.

Nimewaandikia hasa wanakamati wa vyama vya kitaaluma. Karibu kila chama kina mtu ambaye kazi zake haziandikwi popote, na siku akiondoka ndipo watu wanaanza kuulizana nani alikuwa anafanya nini.

Kazi ilivyokuwa

Chama kina wanachama mia kadhaa waliotawanyika. Wengi wao ni mkutubi pekee katika taasisi anayofanyia kazi, na hapo ndipo thamani ya chama ilipo. Mkutubi wa aina hii hana mwenzake wa kumuuliza kwenye meza ya jirani. Mabunda ya nyaraka yameota ukungu, aanzie wapi? Kitabu kinagusa fani mbili, kiingie namba gani ya Dewey, ule mfumo wa kupanga vitabu kwa mada? Mkuu wa taasisi anataka magazeti ya zamani yatupwe ili apate nafasi, atamzuia kwa hoja gani?

Dada N. aliingia kwa mlango mmoja tu: mpango wa ulezi. Kila mwanagenzi aliyeanza kazi alioanishwa na mlezi mwenye uzoefu, nao wakafuatana kwa mwaka mzima. Kuoanisha watu kunahitaji kuwajua. Yupo mlezi hodari ambaye hajibu ujumbe mpaka wiki ipite, na yupo mwanagenzi mwenye haya ambaye atakufa na swali lake kuliko kumsumbua mkubwa. Dada N. aliwajua wote wawili, wala hakuwaweka pamoja.

Kisha kazi zikamfuata. Orodha ya wanachama ilipochakaa, aliisafisha yeye kwa sababu aliihitaji kutafuta walezi. Maswali yalipobaki bila majibu katika kundi la WhatsApp la chama, aliyajibu yeye au alimtafuta wa kuyajibu. Mtoa mada akiahirisha dakika za mwisho, alipigiwa simu yeye. Viungo vya mikutano ya mtandaoni alivituma yeye, na baada ya mkutano aliwaandikia waliokosa. Katiba ya chama haikuwa na nafasi yoyote inayolingana na hayo, na mchana alikuwa na ajira yake ya kawaida.

Kwa kuwa kisa hiki kitawaonyesha viongozi wakikosea, naomba msomaji alishike hili: watu walimpenda sana. Hakuna aliyemdharau na hakuna aliyetaka kumnyonya. Yaliyofuata yalifanywa na watu wenye nia njema.

Kamati yaamua kumshukuru

Mwenyekiti mpya alipochaguliwa, jambo mojawapo aliloleta mapema kwenye kamati lilikuwa kumtambua Dada N. rasmi. Alisema, na alikuwa sahihi, kwamba ni aibu mtu kutumikia chama miaka yote hiyo bila chama kusema lolote. Kamati ikakubaliana mambo matatu.

La kwanza ni ngao, ikabidhiwe kwenye mkutano wa mwisho wa mwaka. Tarehe ilisogezwa karibu na Desemba 5, Siku ya Kimataifa ya Watu wa Kujitolea, iliyoanzishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1985. La pili ni posho ndogo ya kila mwezi. Mweka hazina alieleza kwamba chama hakiwezi kumlipa kazi hiyo inavyostahili, ila kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. La tatu ni cheo cha Mratibu Mkuu, pamoja na kuandika taarifa fupi kwa kamati kila mwezi, ili nafasi yake ionekane.

Katika kumbukumbu za kikao hicho kuna sentensi moja ambayo baadaye ilirejewa mara nyingi. Mjumbe mmoja aliuliza: “Hivi hasa kazi zake ni zipi?” Wajumbe walitaja mpango wa ulezi, mikutano na kundi la WhatsApp, kisha mjadala ukaendelea. Hakuna aliyeagizwa kwenda kupata jibu kamili.

Katika kikao hichohicho, kwenye ajenda nyingine, kamati ilifupisha ulezi kutoka mwaka mmoja hadi miezi sita ili wanagenzi wengi zaidi wapate nafasi. Dada N. hakuulizwa. Alipata habari kwenye tangazo lililotumwa kwa wanachama wote.

Sherehe na wiki zilizofuata

Orodha sahihi ya wanachama ilikuwa kwa Dada N. peke yake. Kwa hiyo katibu msaidizi alimwomba atume mialiko ya mkutano ambao yeye ndiye angetunukiwa. Akaituma. Mwisho wa mwaka ndio wakati anapowaoanisha walezi na wanagenzi wa mwaka unaokuja, hivyo mialiko, simu za kuthibitisha mahudhurio na kazi ya ulezi vilimwangukia kwa pamoja.

Sherehe yenyewe ilipendeza. Mwenyekiti alifungua hotuba kwa “Mcheza kwao hutunzwa”, akasifu moyo wake wa kujitolea, uvumilivu wake na tabasamu lake. Watu walisimama na kumpigia makofi marefu. Dada N. alishukuru kwa maneno machache.

Wiki kadhaa baadaye Katibu alipokea ujumbe mfupi wa heshima: atamaliza kuoanisha kundi lililopo, atakabidhi, kisha atapumzika. Sababu hakutoa.

Wajumbe wengi waliona tatizo ni posho ndogo, wakapendekeza iongezwe. Katibu, mama aliyekuwa karibu kustaafu na mzoefu kuliko wote pale, aliomba wasiongeze chochote kwanza. Alisema hawezi kutibu ugonjwa asioujua. Akaenda kumwona.

Mazungumzo na Katibu

Kwa maelezo ya wote wawili, mwanzo ulikuwa mgumu. Dada N. alirudia mara kadhaa kwamba hana kinyongo na mtu. Katibu akamwambia, “Mwanangu, sikuja kukubembeleza ubaki. Nimekuja kuelewa.” Baada ya hapo alizungumza.

Alianza na hotuba. Maneno yote yalikuwa mazuri, alisema, lakini yangeweza kusomwa mbele ya mtu yeyote. Hakukuwa na hata sentensi moja iliyotaja jambo alilolifanya. Akiwa pale mbele aliwaza, “Mama, hawa watu hawajui ninafanya nini.” Hilo lilimchosha kuliko kazi yenyewe.

Akaja kwenye posho. Tangu itangazwe, wanachama wawili walikuwa wamemlalamikia kwamba amechelewa kujibu, na mmoja aliongeza, “maana sasa unalipwa.” Zamani akijibu usiku alikuwa anatoa hisani. Sasa akijibu asubuhi ameonekana mzembe.

Cheo kilimwongezea taarifa ya kila mwezi bila kumpunguzia lolote. Kazini kwake hakuna aliyejua anachokifanya kwenye chama, na siku za mikutano mikubwa alichukua likizo yake mwenyewe. Mwisho kabisa, sauti ikibadilika, alitaja miezi sita. Katika uzoefu wake wanagenzi wengi huanza kuuliza maswali ya kweli baada ya nusu ya kwanza ya mwaka, mlezi akishazoeleka. Kamati ilikuwa imeufuta wakati huohuo ambao yeye aliona ndio wenye faida, tena bila kumuuliza mtu aliyewafuatilia miaka yote.

Maamuzi ya awamu ya pili

Katibu alimwomba kitu kimoja: aandike kila anachokifanya ndani ya mwezi, hata kilicho kidogo. Alisisitiza kwamba si kwa ajili ya makabidhiano. Uamuzi wa kuondoka ni wake, ila akibaki au akiondoka, kamati ni lazima ijue.

Orodha ilikuwa ndefu kuliko mtu yeyote alivyotarajia, akiwemo Dada N. mwenyewe. Kamati iliisoma mstari kwa mstari kikaoni. Mjumbe mmoja aligundua kwamba vikumbusho alivyodhani hutumwa na mfumo vilikuwa vinatumwa na Dada N. kwa mkono, mtu mmoja mmoja.

Kabla kamati haijaamua lolote ilimuuliza nini angependa kubaki nacho. Alichagua kuoanisha walezi na wanagenzi, basi. Orodha ya wanachama na mialiko vikaenda kwa katibu msaidizi. Maswali ya kundi yakapangiwa zamu ya wanachama wanne. Taarifa ya kila mwezi ikafutwa. Kwa kukubaliana naye posho ilisitishwa, na badala yake chama kikaanza kumrudishia gharama anazotoa mfukoni: nauli, bando la intaneti na muda wa maongezi.

Uamuzi wa miezi sita ulisimamishwa. Dada N. alialikwa kwenye kikao cha kuujadili upya, akiwa na haki ya kupiga kura kwa jambo lolote linalohusu ulezi.

Kisha mambo mawili ya shukrani hasa. Kwa ridhaa yake, chama kilimwandikia mwajiri wake barua inayoeleza alichokijenga: mpango unavyofanya kazi, wanagenzi wamepita kwa namna gani, ni ujuzi gani wa uongozi umeonekana. Na wanagenzi wa zamani waliombwa wamwandikie, kila mmoja kwa maneno yake, jambo moja lililobadilika kazini kwake kutokana na ulezi. Katibu aliwasihi wasiandike sifa. Waeleze kilichotokea.

Matokeo

Dada N. hakuondoka. Anaendelea kuoanisha, na amemchukua msaidizi anayemfundisha namna ya kuwasoma watu. Ulezi ulirudi kwenye mwaka mmoja kwa wanaoanza kazi, huku wenye uzoefu kiasi wakipewa njia fupi ya miezi sita, pendekezo lililotoka kwake. Mwajiri wake alimwita baada ya kupokea barua, na sasa siku za mkutano mkuu hazikatwi kwenye likizo yake.

Barua za wanagenzi zilifika nyingi. Mmoja alieleza jinsi mlezi wake alivyomwelekeza kutenga nyaraka zenye ukungu na kuzikausha kwa hewa inayopita kabla ya kuzisafisha, wakati mkuu wake alikuwa ameshaagiza zichomwe. Dada N. hakuwa na habari ya jambo hilo. Alikuwa amewakutanisha watu wawili, na kumbukumbu za taasisi nzima zikapona.

Kwa upande mwingine, zamu ya maswali inayumba. Majibu yanachelewa kuliko zamani na wanachama wamelalamika. Pia wanachama wawili waliokuwa wakimsaidia kimyakimya kwa muda mrefu hawakutajwa kwenye sherehe wala katika awamu ya pili. Mmoja wao amejitoa katika shughuli za chama.

Uchambuzi: posho

Nianze na posho kwa kuwa ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Hoja ya mweka hazina, kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa, inaonekana haina pa kupingwa. Wanauchumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini waliipima katika utafiti waliouchapisha mwaka 2000. Wanafunzi wa sekondari nchini Israeli walitumwa nyumba kwa nyumba kukusanya michango ya hisani: kundi moja bila malipo, la pili kwa ahadi ya asilimia 1 ya makusanyo, la tatu kwa ahadi ya asilimia 10, fedha ambazo zingetoka kwa watafiti na si kwenye michango. Waliokusanya zaidi ni wasiolipwa. Wa asilimia 10 waliwafuata, na wa asilimia 1 wakawa wa mwisho.

Kisa chetu kinaongeza jambo ambalo jaribio hilo halikukusudia kulionyesha. Malipo madogo yalibadilisha moyo wa mtoaji, na pia macho ya wanaopokea. Mwanachama aliyesema “sasa unalipwa” hakuwa na roho mbaya. Kamati ndiyo iliyomwambia, kwa tangazo rasmi, kwamba uhusiano wake na Dada N. umegeuka wa mteja na mtoa huduma.

Sisemi chama kisimlipe mtu. Kazi ikifikia ukubwa wa ajira, ilipwe kama ajira, kwa mkataba na saa zinazojulikana. Kurudisha gharama nako ni suala la haki, maana mtu anayejitolea muda wake hakuomba kujitolea na nauli. Ninachokipinga ni kile kiasi cha katikati, kisichotosha kuwa mshahara lakini kinachotosha kuzaa madai.

Uchambuzi: sifa na maelezo

Hotuba ya Mwenyekiti ilikosa nini? Si upendo. Ilikosa habari. Ilimsifu mtu bila kuionyesha kazi yake, na mtu anayefanya kazi isiyoonekana ana kiu ya kuonekana kwa kazi hiyo zaidi ya kusifiwa tabia.

Watafiti Adam Grant na Francesca Gino walichapisha mwaka 2010 jaribio lililofanyika kwa wapiga simu za kuchangisha fedha katika chuo kikuu kimoja cha umma Marekani. Kundi moja lilitembelewa na mkurugenzi, akawashukuru kwa kazi yao. Wiki iliyofuata simu zao ziliongezeka kwa zaidi ya asilimia 50, ilhali za kundi lisiloshukuriwa zilibaki vilevile. Maelezo ya watafiti ni kwamba walioshukuriwa walihisi wana thamani mbele ya watu. Shukrani ya mdomo, basi, ina nguvu kubwa. Lakini wale walikuwa na kazi moja inayojulikana na kila mtu. Dada N. alikuwa na kazi nyingi zisizojulikana, hivyo makofi yaleyale yalimfunulia kiasi ambacho hakujulikana.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, hatua kubwa ya shukrani katika kisa hiki kizima ni kile kikao cha kusoma orodha. Hakikuandaliwa kama shukrani na hakikuwa na picha. Lakini kwa mara ya kwanza watu wenye mamlaka walikaa na kuitazama kazi yake yote, na kila mstari waliousoma uliwadai uamuzi: nani aifanye, au iachwe.

Barua za wanagenzi zilifaa kwa sababu hiyohiyo. Watafiti Amit Kumar na Nicholas Epley, katika utafiti wa mwaka 2018, waliona kwamba watu wanaoandika barua za shukrani hudharau furaha na mshangao wa mpokeaji, na hukuza mno hofu kwamba ataona haya. Bila Katibu kuwasukuma, mwanagenzi wa nyaraka zenye ukungu asingeandika kamwe. Alidhani Dada N. anajua.

Uchambuzi: sauti katika maamuzi

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wamefundisha kwa miongo kadhaa kwamba ari ya ndani ya mtu husimama juu ya mahitaji matatu: kuwa na hiari katika anachofanya, kujiona anakiweza, na kuwa na uhusiano wa kweli na wenzake. Awamu ya kwanza ilimpa Dada N. heshima ikamnyang'anya hiari: cheo ambacho hakukiomba, taarifa ambazo hakuzihitaji, na mpango wake ukabadilishwa bila neno lake. Kumkabidhi mtu ngao huku ujuzi wake ukipuuzwa katika ajenda inayofuata ni kumwambia mambo mawili yasiyokaa pamoja, na mtu huliamini lile lenye matokeo.

Hapa kamati ilijirekebisha vizuri kuliko kwingine kote. Ilimpa kura kwenye suala la ulezi, na ikamuuliza abaki na nini kabla ya kugawa.

Yaliyoshindikana

Suala la wasaidizi wawili ni doa ambalo awamu ya pili haikulifuta. Kamati ilipogundua kosa la kutomjua mmoja, ilimwangalia mmoja huyohuyo kwa makini zaidi. Orodha ya Dada N. ilitaja majina yao katika mistari kadhaa. Yalisomwa, yakapitwa. Aliyejitoa hakueleza sababu, nami sitamsemea, ila kikao kilichokuwa na majina yao mezani kilikuwa na nafasi ya kuwaita.

Barua kwa mwajiri nayo inahitaji tahadhari. Safari hii ilizaa matunda. Kwa mwajiri mwingine barua kama ile ingesomwa kama ushahidi kwamba mtumishi ana muda wa ziada, au anafanya kazi za nje saa za ofisi. Ridhaa ya mhusika ni lazima, na aione rasimu kabla haijatumwa, kama ilivyofanyika hapa.

Limebaki suala la zamu ya maswali. Wanne waliopangwa wana bidii, lakini hakuna mwenye kumbukumbu ya Dada N. ya nani anajua nini, na mwanachama aliyezoea kujibiwa jioni ileile sasa anangoja siku mbili au tatu. Kwenye vikao viwili vilivyofuata ilitolewa hoja kwamba Dada N. aombwe arudi “kwa muda tu”. Katibu aliipinga mara zote mbili, na mara ya pili Mwenyekiti alimuunga mkono, akiwaeleza wanachama waziwazi kwamba kasi ile ya zamani ililipiwa na mtu mmoja kwa usingizi wake, na kwamba chama kimeamua kungoja.